Dozi ya mtoto hupimwa kwa kilo, si kwa kijiko

Ndugu Mhariri,

Kila inapoandikwa habari ya usugu wa bakteria dhidi ya dawa, ushauri unaofuata ni ule ule: maliza dozi. Nia yake ni njema, lakini kwa mtoto mdogo unaruka hatua iliyo kabla yake. Dozi iliyokuwa ndogo tangu siku ya kwanza, hata ikimalizwa hadi tone la mwisho, imemalizwa ikiwa ndogo. Tunaomba nafasi katika safu yako tulieleze jambo hili kwa hesabu, maana ndani ya hesabu ndimo linamojificha.

Chukua mtoto wa kilo 12 mwenye nimonia inayoweza kutibiwa nyumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unataka apewe amoksilini miligramu 40 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Hizo ni miligramu 480 kila anapokunywa, 960 kwa siku. Sasa tazama ile chupa ya dawa ya maji iliyozoeleka, iliyoandikwa 125 mg/5 ml, yenye ujazo wa mililita 100. Ili zitimie miligramu 480, mtoto huyu anatakiwa anywe mililita 19 kwa mkupuo mmoja, karibu vijiko vinne vya mililita 5. Kwa siku tano zinahitajika mililita 192, yaani chupa mbili karibu nzima. Anachoandikiwa mara nyingi ni kijiko kimoja kutwa mara tatu, na chupa moja. Kijiko kimoja kutwa mara tatu ni miligramu 375 kwa siku, ambazo hazifiki hata nusu ya zinazotakiwa. Chupa hiyo itadumu siku sita na ushee, ikauke, na mzazi ataamini kwa haki kabisa kwamba amemaliza dozi. Ukubwa wa chupa ndio ulioamua matibabu, si uzito wa mtoto.

Ndiyo maana tunapendelea vidonge vya kuyeyusha vya amoksilini vya miligramu 250. Mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10 anapewa kidonge kimoja mara mbili kwa siku, wa kilo 10 hadi chini ya 14 viwili mara mbili, na wa kilo 14 hadi 19 vitatu mara mbili. Kidonge kinayeyuka kwenye kijiko cha maji safi au cha maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Hakuna unga wa kuchanganya, hakuna friji, na makosa ya kupima yanabaki machache mno. Mtoto wetu wa kilo 12 anaondoka na vidonge 20, na kila mtu anaweza kuvihesabu.

Kwa nini nusu dozi ina madhara kuliko inavyoonekana? Inategemea ni bakteria gani anayepigwa, na hapa ndipo mazungumzo mengi kuhusu usugu yanapochanganya mambo yasiyofanana.

Nimokokasi, ambaye husababisha nimonia, maumivu ya sikio na homa ya uti wa mgongo, havunji dawa. Penisilini na ndugu yake amoksilini huua kwa kujipachika kwenye vimeng'enya vinavyojenga ukuta wa bakteria. Nimokokasi hubadili umbo la vimeng'enya hivyo, dawa ikawa haishiki vizuri. Mabadiliko hayo huyapata kwa kuokota vipande vya DNA kutoka kwa streptokokasi wengine wanaoishi mdomoni bila kumdhuru mtu. Jambo la kuzingatia ni kwamba usugu huu huja ngazi kwa ngazi. Aliye ngazi ya kati bado anakufa akikutana na dawa ya kutosha kwa muda wa kutosha. Amoksilini huondoka mwilini haraka, kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya takriban saa moja, na kinachoua ni muda ambao kiasi hicho kinabaki juu ya kile kinachomzuia bakteria kukua. Dozi kamili inaurefusha muda huo. Dozi pungufu inawaua walio dhaifu puani na kooni mwa mtoto, kisha inawaachia nafasi yote wale wa ngazi ya kati. Watoto wadogo ndio wabebaji wakubwa wa nimokokasi, kwa hiyo kilichochaguliwa puani mwa mmoja kinafika kwa wenzake kwa kikohozi na kwa mikono.

Ngazi hizo pia ndizo zinazofanya jibu moja la maabara lisomeke kwa namna mbili. Nimokokasi anayezuiwa na mikrogramu 1 ya penisilini kwa mililita anahesabiwa kuwa anatibika kwa sindano ya penisilini akiwa kwenye mapafu, kwa sababu damu hufikisha dawa ya kutosha huko. Akiwa kwenye maji ya uti wa mgongo, huyo huyo anahesabiwa sugu, maana dawa hupenya kidogo tu, na kikomo huko kinaanzia mikrogramu 0.12. Fomu ya maabara isiyosema sampuli ilitoka wapi imeacha jibu nusu.

Hemofilasi, mshirika wa nimokokasi katika maradhi ya sikio na mapafu, ni habari nyingine kabisa. Walio sugu kati yao wengi hutoa kimeng'enya kinachoitwa beta-laktamasi, ambacho humeng'enya amoksilini kabla haijafanya kazi. Kwa hawa kuongeza dozi hakuleti tija. Kinachohitajika ni asidi ya klavulani, inayokiziba kimeng'enya hicho. Kinyume chake, kumwongezea mtoto asidi ya klavulani kwa ajili ya nimokokasi hakuongezi chochote isipokuwa kuhara, kwa kuwa nimokokasi hana kimeng'enya cha kuzibwa. Mzazi akiomba "dawa yenye nguvu zaidi", swali la haki la kumrudishia ni: nguvu dhidi ya nani?

Streptokokasi wa koo, wa kundi A, anaonyesha jambo hili kuliko wote. Tangu penisilini ianze kutumika katika miaka ya 1940, bakteria huyu hajawahi kuthibitishwa kuwa sugu kwake kwa wagonjwa. Kwa erithromaisini na azithromaisini, usugu wake upo na unajulikana. Mtoto mwenye tonsili zenye usaha anayeachishwa penisilini akapewa azithromaisini kwa sababu ni ya siku tatu, ameondolewa kwenye dawa ya uhakika akapelekwa kwenye ya kubahatisha, bila sababu isipokuwa awe na mzio wa kweli wa penisilini. Tena azithromaisini hubaki mwilini kwa siku nyingi ikipungua taratibu, na katika muda huo mrefu wa kiasi kidogo bakteria wa kinywani wanapata nafasi nzuri ya kuzoea.

Sasa kuhusu ile chupa, kwa wale ambao hawana vidonge vya kuyeyusha. Kuchanganya unga kunaonekana kazi ndogo, na hapo ndipo dozi nyingi zinapoharibikia. Gongagonga chupa ikiwa imefungwa hadi unga uachie kitako. Unga ulioshikana ukimwagiwa maji hufanya donge, na dawa inabaki humo. Maji yawe yaliyochemshwa na kupoa kabisa, kwa sababu joto huiharibu dawa. Mimina kwanza kama nusu ya maji, funga, tikisa mpaka unga wote ulowe, ndipo uongeze polepole hadi kwenye mstari. Subiri povu litulie, weka chupa mezani, usome mstari macho yakiwa sawa nao. Anayehesabu povu kuwa dawa ameweka maji pungufu, na anayepitisha mstari ameizimua dawa kwa siku zote zilizobaki. Usigawe unga ili uchanganye nusu leo na nusu baadaye. Hakuna anayeweza kukadiria nusu hiyo kwa macho.

Baada ya hapo, tikisa kila unapopima. Dawa hii ni unga unaoelea, haikuyeyuka, na ikitulia huzama. Isipotikiswa, mtoto anakunywa maji matamu siku za kwanza na tope zito siku za mwisho. Ikishachanganywa, amoksilini hudumu siku 7 au 14 kulingana na maandishi ya kiwandani, kwa hiyo chupa ya pili isichanganywe mpaka ya kwanza ikaribie kwisha. Ile yenye asidi ya klavulani inataka friji. Ikikaa kwenye joto, asidi ya klavulani ndiyo inayotangulia kuharibika, na hapo mtoto anameza amoksilini tupu huku ladha na harufu ni vile vile. Hakuna mtu nyumbani atakayegundua.

Pima kwa bomba la plastiki lisilo na sindano, la mililita 5 au 10. Vijiko vya jikoni havilingani. Kimoja hubeba nusu ya kingine. Mtoto akae wima, na bomba lielekezwe upande wa shavu, si katikati ya koo, usukume kidogo kidogo. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi ile. Usiitie kwenye chupa nzima ya maziwa, kwa maana asipoyamaliza hutajua amekunywa kiasi gani.

Yote hayo yana maana tu kama mtoto anahitaji antibiotiki tangu mwanzo. Mafua, na kikohozi kisichoambatana na kupumua haraka, karibu siku zote ni virusi, na antibiotiki haivigusi. Inachogusa ni mabilioni ya bakteria wasio na kosa waliomo puani na utumboni. Kupumua haraka hakukadiriwi, huhesabiwa: mtoto awe ametulia, hanyonyi wala halii, nguo imepandishwa kifua kionekane, na uhesabu kwa dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne kunakosea, kwa sababu pumzi za mtoto mchanga hazina mwendo mmoja. Kupumua haraka ni mara 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano. Aliye chini ya miezi miwili anayefikisha hesabu hiyo ni wa hospitali, si wa dawa ya kupewa nyumbani. Ndivyo pia kwa mtoto yeyote asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au anayelala bila kuamka vizuri.

Kuhara kwa majimaji ni hivyo hivyo. Dawa yake ni maji ya chumvichumvi ya ORS, pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku (10 kwa aliye chini ya miezi sita) kwa siku 10 hadi 14. Antibiotiki ni kwa anayehara damu au mwenye kipindupindu kikali, si kwa kila choo chepesi.

Kuhusu idadi ya siku, elimu imebadilika na tuseme wazi, hata kama inagongana na "maliza dozi" ya zamani. Kwa nimonia ya kutibiwa nyumbani, majaribio kwa watoto yameonyesha kwamba siku 3 hadi 5 zinatosha pale ambapo zamani waliandikiwa 7 au 10. Kila siku ya ziada ni siku nyingine ya kuchagua bakteria sugu. Lakini ufupisho huo usihamishwe kiholela. Maambukizi ya sikio kwa mtoto wa chini ya miaka miwili yalishindwa zaidi kwa siku 5 kuliko kwa 10 yalipojaribiwa. Koo la streptokokasi linataka siku 10 za penisilini ya kumeza, kwa lengo la kuzuia homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, au sindano moja ya benzathini penisilini kwa wanaojua kwamba hawataweza siku zote hizo. Dozi kamili, basi, ni ile iliyoandikwa kwa ugonjwa huo na kwa kilo hizo. Mtoto akipata nafuu siku ya pili, usiikate kwa uamuzi wako, uliza.

Kuna mahali ambapo hesabu ya kilo haiokoi, napo ni wodi ya watoto wachanga. Huko maadui ni bakteria wa utumbo, hasa Klebsiella na E. coli. Tiba ya kwanza kwa mchanga mwenye maambukizi ya damu ni ampisilini pamoja na jentamaisini. Klebsiella ni sugu kwa ampisilini kwa asili yake, kwa hiyo dhidi yake ni jentamaisini peke yake inayopigana. Akiwa ameshapata usugu kwa jentamaisini, mtoto amelazwa na sindano mbili mkononi lakini hana dawa hata moja inayofanya kazi.

Usugu wa bakteria hawa hukaa kwenye plazmidi, viduara vya DNA ambavyo bakteria mmoja humpa mwingine, hata wa jamii tofauti. Watafiti wa Japani walilionyesha hilo mwaka 1959 kwa shigela wa kuhara damu, na plazmidi moja ilibeba usugu wa dawa kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, iliyotumika bila sababu inaweza kuwalea bakteria walio sugu pia kwa jentamaisini. Na E. coli akiwa na chakula cha kutosha hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja wa saa mbili usiku anazidi bilioni moja kufikia saa kumi na mbili asubuhi.

Hapa kinachookoa ni usafi wa mikono na wa vifaa. Dawa ya mikono yenye alkoholi isuguliwe sekunde 20 hadi 30, au sabuni na maji sekunde 40 hadi 60, kati ya mtoto na mtoto, si kati ya zamu na zamu. Kosa tunalolitaja kwa uchungu ni chupa ya dripu kufunguliwa asubuhi ikatumika kuchanganyia sindano za watoto wote hadi jioni. Mkono mmoja mchafu unaigeuza kuwa mchuzi wa bakteria, na wodi nzima inachomwa sindano kutoka humo.

Homa ya matumbo imefika mbali zaidi. Aina iliyozuka mkoa wa Sindh nchini Pakistani mwaka 2016 ilikuwa sugu kwa kloramfenikoli, ampisilini, kotrimoksazoli, jamii ya siprofloksasini, na seftriaksoni. Ya kumeza iliyobaki ilikuwa azithromaisini. Ndiyo moja ya sababu tunakasirika inapotumika kwa mafua. Pakistani iliingiza chanjo mpya ya homa ya matumbo katika ratiba yake ya watoto mwaka 2019, na hiyo ni njia ya kupunguza usugu ambayo haimpi bakteria nafasi ya kuzoea dawa. Chanjo ya nimokokasi ilifanya hivyo hivyo Marekani kuanzia mwaka 2000: maradhi makali ya aina sugu zilizomo kwenye chanjo yalishuka. Aina 19A, ambayo haikuwamo, ikachukua nafasi hadi chanjo yenye aina 13 za nimokokasi ilipofika mwaka 2010.

Neno moja kuhusu maabara. Damu ya kuotesha, yaani ya kukuzia bakteria waliomo ili watambuliwe, ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza, si baada ya siku mbili za kushindwa, kwa sababu hata dozi moja yaweza kumzuia nimokokasi asiote. Kwa mtoto mchanga chukua angalau mililita 1. Matone machache hayana bakteria wa kutosha. Ngozi isafishwe na iachwe ikauke yenyewe, la sivyo wataota stafilokokasi wa ngozini na mtoto atatibiwa ugonjwa asio nao. Mkojo uliokusanywa kwa mfuko uliobandikwa hauaminiki kwa kuotesha. Ngoja mkojo wa katikati udakwe kwenye chombo safi, au utolewe kwa mpira, na ufike maabara ndani ya saa mbili au ukae kwenye friji. Kisha jibu lisomwe: baada ya saa 48, kama hakuna kilichoota na mtoto mchanga ni mzima, sindano zisimame.

Makadirio ya kimataifa kwa mwaka 2019 yalihusisha vifo milioni 4.95 na bakteria sugu, na milioni 1.27 kati ya hivyo vilitokana na usugu wenyewe. Mtu mmoja kati ya watano waliouawa na usugu alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Septemba 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumika kwa binadamu ziwe zile za mstari wa kwanza, ambamo amoksilini na penisilini zimo. Lengo hilo halitafikiwa iwapo amoksilini itaendelea kutolewa kwa nusu dozi, ikashindwa, na kulaumiwa kwamba "haifanyi kazi siku hizi".

Tunachoomba ni kidogo na kinawezekana. Kila dawa ya antibiotiki inayotolewa kwa mtoto iandikwe kwenye chupa au bahasha yake: uzito wa mtoto wa siku hiyo, nguvu ya dawa kwa mililita 5 au kwa kidonge, mililita au vidonge kila anapokunywa, idadi ya siku, na tarehe ilipochanganywa. Uzito uwe wa leo, usinakiliwe kutoka kadi ya miezi mitatu iliyopita, kwa kuwa mtoto wa miezi minne si yule aliyepimwa akiwa na mwezi mmoja. Na mizani iwekwe pale pale inapotolewa dawa. Ikiwa chumba cha pili, siku ya foleni ndefu haitatumika.

Wenu,
Wafamasia na wataalamu wa maabara ya bakteria wanaohudumia watoto